Julepu ya mnanaa nyumbani: mwongozo kamili kutoka Tanga

Joto la kaskazi likishika Tanga, Januari na Februari, hata upepo unaotoka bandarini huwa wa moto. Hiyo ndiyo miezi ninayoandaa julepu ya mnanaa. Vitu vyake ni vinne tu: bourbon, sukari, mnanaa na barafu iliyopondwa. Wamarekani huiita mint julep. Wengi walioinywa hapa kwetu wameinywa mbaya, kwa sababu aliyeitengeneza alihangaikia chupa akasahau barafu. Nimesimama nyuma ya kaunta ya vinywaji miaka kadhaa, na ninasema kwa uhakika: bourbon ya kawaida kwenye barafu nzuri itakupa julepu safi, lakini bourbon ya bei mbaya kwenye barafu ya majimaji itakupa maji ya sukari.

Jina lenyewe lina undugu na sisi. Limeanzia kwenye Kiajemi, gulab, yaani maji ya waridi. Waarabu wakaliita julab, kisha likaingia Ulaya likiwa na maana ya shira ya kulainishia dawa chungu. Basi asili yake ni marashi yaleyale tunayonyunyiziwa kwa mrashi kwenye harusi na maulidi. Mwaka 1803 John Davis, msafiri kutoka Uingereza, aliandika kwamba watu wa Virginia walikuwa wakinywa asubuhi kileo chenye mnanaa ndani yake. Baadaye kinywaji hicho kikawa cha Kentucky, jimbo la bourbon na farasi. Mbio za Kentucky Derby, zilizoanza mwaka 1875 kwenye uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei, na wikiendi hiyo uwanjani hapo huuzwa julepu zaidi ya laki moja. Kwao Mei ni majira ya maua. Kwetu ni masika, mvua inamwagika, na julepu siku ya mvua haina raha yake. Subiri jua.

Chupa

Bourbon ni wiski ya Marekani ambayo angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi. Huwekwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani kwa moto, na mkaa ule ndio unaoipa rangi ya kahawia pamoja na harufu ya vanila na sukari iliyoungua. Sheria ya Marekani inataka iingie chupani ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40, na mwaka 1964 Bunge la nchi hiyo liliitambua kuwa bidhaa ya Marekani peke yake. Utamu wake wa mahindi ndio unaopatana na mnanaa. Wiski za Scotland zenye moshi zinaufunika mnanaa kabisa, usizitumie hapa.

Mimi hutumia Jim Beam kwa sababu naipata bila kuagiza Dar. Ukipata bourbon yenye asilimia 45 au 50 ni bora zaidi, maana barafu itayeyuka ndani yake na kinywaji hakitapwaya. Jack Daniel's ni wiski ya Tennessee, huchujwa kwenye mkaa wa mti kabla ya kuingia pipani. Inafaa kama huna nyingine, ila usimwambie mgeni wako kuwa ni bourbon. Konyagi si wiski. Konyagi na ndimu na mnanaa ni kinywaji kizuri chenye heshima yake, lakini ni kingine.

Kabla ya kulipa, kagua chupa. Tazama stempu ya kodi ya TRA, ihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu, na uangalie kizibo kama kimefungwa sawasawa. Niliwahi kununua chupa ya bei ya chini kwenye duka moja. Nilipofika nyumbani nikaona kizibo kinazunguka tu bila kushika. Niliimwaga yote kwenye sinki. Pombe ya kughushi inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na ulimi hauwezi kuitofautisha. Fedha iliyopotea niliisamehe siku hiyohiyo.

Mnanaa

Huwa naenda Soko la Mgandini mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu jua likishapanda majani hulegea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikufungie mafungu mangapi?"

"Mawili. Huu umefika leo?"

"Umeshuka na gari la alfajiri kutoka Lushoto. Hebu nusa mwenyewe."

Akachuma jani moja, akalifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada, akanisogezea puani. Ndivyo mnanaa unavyonunuliwa: kwa pua. Jani zuri hutoa harufu tamu na baridi mara tu linapoguswa, na linasimama lenyewe kwenye bua. Likiwa na madoa meusi au harufu ya nyasi iliyovundikwa, liache.

Kuna aina mbili utakazokutana nazo. Unaotakiwa una majani ya kijani kibichi chenye kung'aa, yenye meno pembeni, yameshikana na bua karibu bila kikonyo, na harufu yake ni laini. Ule mwingine bua lake huelekea zambarau, majani yana vikonyo, na ukiutafuna unahisi ubaridi mkali kama wa pipi ya kifua. Huo unafaa kwa chai. Ndani ya julepu utaichukua pua yote na bourbon haitasikika. Na usikubali kuuziwa kivumbasi au mrehani kwa jina la mnanaa. Majani yanafanana kwa mbali, harufu hapana.

Ukifika nyumbani, osha mnanaa kwa maji baridi, ukung'ute, kata ncha za mabua na uyasimamishe kwenye bilauri ya maji kama maua. Ndani ya saa moja majani yaliyolala yatainuka. Kama utayatumia kesho, yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu uweke kwenye friji. Usiyaweke karibu na kuta za ndani zenye baridi kali, yataungua na kuwa meusi.

Shira

Hapa Tanga hakuna haja ya kumfundisha mtu kupika shira. Kila nyumba inayokaanga kaimati inaijua. Ila shira hii ni nyepesi kuliko ya kaimati, na haiwekwi iliki. Chukua gramu 200 za sukari, yaani kikombe kimoja, na mililita 200 za maji. Weka jikoni kwa moto mdogo, koroga hadi sukari iishe kuonekana, epua. Usisubiri ivute nyuzi. Ikiwa bado ya moto, tumbukiza konzi moja ya majani ya mnanaa, funika, acha dakika 20, kisha chuja. Ukiyaacha majani hadi kesho yake shira itakuwa na ladha ya mboga iliyochemka.

Utapata karibu mililita 300, zinazotosha glasi ishirini hivi. Mimina kwenye chupa safi, weka kwenye friji, itumie ndani ya wiki mbili. Wapo wanaotia sukari kavu moja kwa moja kwenye kikombe. Nimejaribu mara nyingi. Chembe hubaki chini, mnywaji anakutana na uchungu mwanzoni na utamu wote mwishoni. Shira imenishawishi.

Barafu

Sasa tumefika penyewe.

Julepu inataka barafu iliyopondwa ndogondogo, kubwa isizidi punje ya hindi, na iwe kavu. Barafu kavu ninayoisema ni ile isiyo na maji ya kuyeyuka juu yake. Ukiishika kwa vidole inanata kidogo badala ya kuteleza. Mapande makubwa ya barafu hayagusani vya kutosha na kinywaji, kwa hiyo kinapoa polepole. Barafu iliyokwisha lowa inaanza kukipunguza nguvu kabla hujakionja. Barafu ndogo na kavu hupoza kwa haraka, na ndipo linapotokea jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye kinywaji hiki: barafu ikikutana na kileo huendelea kuyeyuka hata joto likishuka chini ya nyuzi sifuri, na kila inapoyeyuka hunyonya joto la kinywaji na la kikombe. Kikombe cha chuma kinaota umande, kisha umande unaganda na kuwa sakitu nyeupe. Hewa ya Tanga ina unyevunyevu mwingi, kwa hiyo umande hapa hauhitaji kuubembeleza.

Gandisha maji kwenye trei siku moja kabla, na uache yakae kwenye friza hadi dakika ya mwisho. Umeme wa mtaani kwenu unaujua wewe. Kama una tabia ya kukatika jioni, gandisha mara mbili ya kiasi unachohitaji na uyahamishe mabonge kwenye kopo lenye kifuniko, yakikaa pamoja yanahifadhiana baridi. Kwa glasi moja hesabu mabonge kumi hadi kumi na mawili ya trei ya kawaida.

Kupondea tumia kitambaa kinene cha pamba. Mimi nina mfuko niliomshonesha fundi kwa kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi ambayo karne ya 19 ililetwa pwani yetu na wafanyabiashara wa Marekani na jina likaganda hadi leo. Nilikichagua kwa sababu kinafyonza maji. Ukiponda barafu ndani ya nailoni, maji yote yanabaki na barafu. Ukiponda ndani ya pamba, kitambaa kinayanywa na barafu inatoka kavu. Taulo safi la jikoni linafanya kazi ileile, mradi lisiwe na harufu ya sabuni.

Tia barafu ndani, kunja mdomo wa mfuko mara mbili, ulaze juu ya ubao wa kukatia, kisha piga kwa mchi. Piga kwa nguvu na kwa mapigo machache. Ukigongagonga kwa woga unatumia dakika nzima na barafu inayeyuka mkononi. Mapigo kumi na tano yanatosha. Sikiliza: mwanzoni sauti ni ya mawe, halafu inakuwa ya kokoto, mwishowe inasikika kama mchanga wenye changarawe. Hapo simama.

Jambo la adabu: mchi na kinu cha mama visitumike. Nyumba nyingi za hapa haziruhusu chombo cha chakula kiguse kileo, na ni haki yao. Nunua mchi mdogo wa mbao uwe wa kazi hii tu, pamoja na vikombe vyake, na uvihifadhi mahali pake.

Kuunganisha

Kikombe cha jadi kule Kentucky ni cha fedha. Bilauri ya chuma kisichoshika kutu, ile inayouzwa kwa wauza vyombo, inaleta sakitu vizuri. Ya mililita 300 hadi 350 ndiyo saizi yake. Iweke kwenye friza nusu saa kabla. Kioo kinafaa, ila hakitavaa weupe ule.

Kupima, kama huna kipimo cha toti, tumia kijiko kikubwa cha mililita 15, au kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya watoto, chenye mistari ya mililita. Kioshe vizuri na usikirudishe tena kwenye dawa.

Tia kwenye bilauri majani manane hadi kumi ya mnanaa na mililita 15 za shira, yaani kijiko kikubwa kimoja. Chukua mpini wa mwiko wa mbao na uyabonyeze majani dhidi ya kuta za bilauri, taratibu, mara tano au sita, ukizungusha. Unatafuta majani yaliyopondeka kidogo lakini mazima, yenye rangi iliyokolea kwa kuumia. Mafuta ya mnanaa yako juujuu ya jani, kwenye vitundu vidogo mno, na mguso mdogo unatosha kuyatoa. Ukiyatwanga hadi yachanike, unatoa maji ya kijani ya ndani ya jani, na hayo ni machungu.

Nilijifunza hili kwa uchungu wenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwekewa oda ya julepu sita kwa mara moja, nikaona blenda itaniokoa. Nilisaga mnanaa, shira na barafu kwa pamoja. Kilichotoka kilikuwa cha kijani kizito, kinavutika, na uchungu wake ulikaa ulimini hadi nilipokunywa maji bilauri mbili. Wageni walirudisha zote sita. Tangu siku hiyo sijatia mnanaa kwenye blenda.

Baada ya kubonyeza, pandisha mwiko ukipakaza mafuta yale kwenye kuta za ndani hadi karibu na ukingo. Mimina mililita 60 za bourbon, vijiko vikubwa vinne. Jaza barafu nusu ya bilauri, koroga kwa kijiko chenye mpini mrefu kwa nusu dakika hivi, ukiishika bilauri kwa ukingo au kitako. Mkono ukishika ubavuni, joto lake linayeyusha umande na sakitu haikai. Ukiona ubavu umeanza kufifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, ongeza barafu hadi ijae, koroga tena kidogo, kisha rundika barafu nyingine juu ifanye kichuguu.

Sasa shada la kupambia, na tafadhali usilichukulie kama pambo. Nusu ya ladha ya julepu inaingia kwa pua. Chagua vilele viwili au vitatu vilivyonona, vilaze kwenye kiganja cha mkono wa kushoto na uvipige kofi moja kwa mkono wa kulia. Harufu itakufikia hapohapo. Chomeka karibu na ukingo, kisha ingiza mrija mfupi ubavuni mwa shada, uliokatwa ili uchomoze vidole viwili tu juu ya barafu. Mrija mrefu unamweka mnywaji mbali. Mfupi unamlazimisha kuinama, pua ikaingia kwenye mnanaa kila anapovuta.

Ipe julepu dakika mbili kabla ya kunywa. Funda la kwanza litakuwa kali, la katikati ndilo tamu, la mwisho ni baridi na laini. Kama funda la kwanza linachoma sana hukukoroga vya kutosha. Kama limepwaya tangu mwanzo, barafu yako ilikuwa imelowa. Likiwa na uchungu wa majani, rudi kwenye mwiko, ulibonyeza kupita kiasi.

Watu wakiwa wengi, changanya mapema kwenye jagi bourbon na shira kwa uwiano wa nne kwa moja na uweke kwenye friji. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi kumi na mbili. Mnanaa na barafu vibaki kwa kila bilauri peke yake, wakati wa kupeleka mezani.

Machungwa ya Muheza yakiwa kwenye msimu, mimi huchuna kipande chembamba cha ganda bila weupe wa ndani, nakikunja juu ya bilauri ili mafuta yarukie barafu, halafu nakitupa. Wa Kentucky watanuna. Hapa ni Tanga, na mbele ya harufu ile sijaona mgeni aliyelalamika.

Kwa asiyekunywa pombe

Kwenye kila mkusanyiko wangu nusu ya watu hawanywi, na sipendi wapewe soda kama watu waliosahauliwa. Julepu yao naipika kwa chai. Chukua vijiko vidogo vitatu vya majani ya chai, ya Usambara ukiyapata, mimina maji yaliyochemka mililita 250, acha dakika tano, chuja na upoze. Ukakasi wa chai nzito unakaribia ule ambao bourbon huupata kwenye pipa la mwaloni, ndiyo maana naichagua kuliko juisi. Kipande kidogo cha mdalasini kiloweke humo chai ikiwa ya moto. Kisha fuata hatua zilezile: majani, shira, bonyeza, mililita 90 za chai mahali pa bourbon, matone machache ya ndimu, barafu na shada. Tumia bilauri, mwiko na mfuko wa barafu ambavyo havijaguswa na pombe, na mwambie mgeni wazi kwamba ni vyombo vyake. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kuonja kileo maishani, huulizia hii kila anaposhuka kutoka Korogwe.

Mililita 60 za bourbon ya asilimia 40 zina kileo karibu sawa na bia ya mililita 500 yenye asilimia 5. Utamu na baridi vinaficha hilo, kwa hiyo mbili kwa jioni ni nyingi tayari. Asiyefika miaka 18, mjamzito, anayetumia dawa na atakayeendesha gari au bodaboda wapewe ya chai. Mwezi mtukufu chupa yangu hukaa kabatini, na miezi mingine naandaa uani, barazani hapana. Majirani zangu wanapita hapo kwenda msikitini.

Ukimaliza, suuza mfuko wa marekani kwa maji matupu bila sabuni na uuanike juani. Mabua yaliyobaki baada ya kuchuma majani usiyatupe. Chagua matano yenye vifundo, yatie kwenye maji, uyaweke dirishani pasipopigwa na jua kali. Wiki moja hadi mbili mizizi myeupe itatokea. Yahamishie kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, yenye udongo uliochanganywa na samadi, kwenye kivuli cha nusu siku, na uyamwagilie asubuhi. Usiyapande ardhini moja kwa moja, mnanaa hutambaa ukamaliza bustani. Wangu upo chini ya mlimao, na vilele vya juu nimeshavichuma mara tatu.